Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: Huduma Inayoimarika Kuanzia Siku ya Pili

Mkazi wa Tanzania Bara hana nafasi ya kuchagua atakayemwokoa. Duka likimchosha atahamia la jirani, na mtandao wa simu ukimsumbua atanunua laini nyingine, lakini nyumba yake ikishika moto namba ya kupiga ni 114, na atakayepokea ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa sababu hiyo taasisi hii inastahili kupimwa kwa ukali kuliko tunavyopima hoteli au kampuni ya mabasi, na vilevile kwa haki, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuihukumu kwa gari moja tuliloliona likipita na king'ora wakati moshi umeshakwisha. Nimejaribu kuitathmini kwa kufuata matukio makubwa ya miaka ya karibuni ambayo umma mzima uliyashuhudia, na nimefikia hitimisho ambalo huenda lisimfurahishe askari wala mlalamikaji: tunayo huduma nzuri ya siku ya pili, na huduma dhaifu ya saa ya kwanza.

Kwanza ifahamike ni nani anayefanya nini, kwa sababu lawama nyingi hupelekwa kwenye mlango usio wake. Jeshi hili linafanya kazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 iliyoviondoa vikosi vya zimamoto mikononi mwa halmashauri na kuviunganisha kuwa chombo kimoja cha kitaifa chenye Kamishna Jenerali wake. Uratibu wa maafa yenyewe, yaani tahadhari, kamati, maghala ya misaada na urejeshaji wa hali, uko Ofisi ya Waziri Mkuu, kwenye Idara ya Menejimenti ya Maafa, na unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ambayo inashusha kamati kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Zanzibar ina kikosi chake na kamisheni yake, nami sitavigusa hapa.

Lalamiko linalorudiwa kuliko yote, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi bungeni, ni kwamba gari la zimamoto hufika likiwa halina maji. Mara nyingi maelezo yake ni ya hesabu tu. Gari lililobeba lita 5,000, pampu yake ikitoa lita 1,000 kwa dakika, linamaliza maji yote kwa dakika tano, na moto wa ghala la magodoro au wa soko hauzimwi kwa dakika tano. Kila mji unaotegemea magari ya zimamoto unategemea pia mabomba ya maji ya kuzimia moto yaliyojengwa kando ya barabara, ambapo gari hufunga mpira wake na kuendelea kunyunyiza bila kuondoka. Miji yetu imetanuka haraka kuliko mabomba hayo, na baadhi ya yaliyokuwapo yamefukiwa na lami au kuzungukwa na vibanda, hivyo gari hulazimika kuondoka kwenda kujaza maji huku watu waliosimama pembeni wakiamini kwamba limekuja likiwa tupu. Katika hili Jeshi linabeba aibu ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mamlaka za maji na za mipango miji. Hata hivyo siwezi kulisamehe lote, kwa sababu taasisi inayojua upungufu huo kuliko mtu mwingine yeyote ingepaswa kuutangaza kwa ramani, mtaa kwa mtaa, ili wananchi wajue pa kuelekeza hasira zao. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, katikati kabisa ya jiji kubwa kuliko yote nchini, mazungumzo ya umma yalirudi palepale, kwenye maji na kuchelewa.

Udhaifu wa saa ya kwanza ulionekana wazi zaidi Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilianguka Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua, umbali mfupi tu kutoka kwenye njia ya kurukia. Watu 19 walipoteza maisha, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 wakanusurika. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia. Serikali ilimzawadia na kuagiza apelekwe kwenye mafunzo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Uamuzi ule niliupenda, lakini nilibaki na swali ambalo halikuulizwa vya kutosha siku zile: ikiwa uwanja wa ndege umepakana na ziwa kiasi hicho, iweje kasia la mvuvi ndilo likawa kifaa cha kwanza cha uokoaji?

Anayedhani jibu ni kuwaachia wavuvi kazi hiyo akumbuke MV Bukoba. Meli ile ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, ilibaki ikielea kifudifudi, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Inaelezwa kwamba kulipotobolewa tundu kwa nia ya kuwatoa, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ilitoka, nayo ikazama na mamia ya watu. Uokoaji majini ni taaluma, na nia njema isiyo na taaluma inaweza kuua. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Ukara, Ukerewe, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kazi ilisimama usiku wa kwanza na kuendelea asubuhi, na siku mbili baada ya ajali wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai, kutoka kwenye chumba kilichokuwa kimebakiwa na hewa. Tukio hilo moja linaonyesha pande zote mbili za tathmini yangu. Wazamiaji walikuwa hodari, na walifanya kazi ambayo mvuvi hawezi kuifanya. Lakini kama mtu aliweza kuishi humo kwa siku mbili, haiwezekani kutofikiria thamani ya usiku ule wa kwanza.

Nikija kwenye majengo, alama zinapanda. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo wakati wafanyabiashara wakiwa wameanza kazi. Saa za mwanzo zilikuwa za mikono mitupu na nyundo, kama kawaida yetu, lakini siku zilizofuata zilionyesha chombo kilichojifunza. Mawasiliano na waliokuwa chini ya kifusi yaliendelezwa, maji, glukosi na hewa ya oksijeni vikapitishwa kwenye matundu, mitambo mizito ikazuiwa pale ambapo ingewaponda walio hai, na zaidi ya watu 80 wakatolewa wakiwa hai, ingawa vifo navyo vilikuwa vingi mno. Ukilinganisha na kuporomoka kwa jengo la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013, ambako watu zaidi ya 30 walikufa, utaona tofauti ya nidhamu eneo la tukio. Kasoro niliyoiona Kariakoo ni ya taarifa. Ndugu waliokuwa nje ya uzio walitegemea simu za walionaswa na uvumi wa mitandaoni kuliko msemaji mmoja mwenye ratiba inayojulikana, na katika huduma ya uokoaji taarifa kwa familia ni sehemu ya huduma.

Hanang ndipo mfumo mzima ulipofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Tope la aina ile haliachi nafasi ya kufika kwa wakati. Kilichoweza kupimwa ni yaliyofuata, nayo yalikuwa mazuri: askari wa Zimamoto na wa JWTZ walichimba bega kwa bega, kambi za waathirika zikafunguliwa, Serikali ikagharamia mazishi na matibabu, na baadaye nyumba zaidi ya 100 zikajengwa eneo la Waret kwa waliopoteza makazi, baadhi zikijengwa na Chama cha Msalaba Mwekundu. Wapo watakaosema kwamba huko ni kujenga baada ya kuzika. Ni kweli, lakini waathirika wa maafa mengi ya nchi hii hawakuwahi kupata hata hilo.

Upande wa tahadhari nitapita haraka, kwa kuwa sifa kubwa hapa ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, onyo lilitolewa mapema, boti za kwenda Zanzibar zikasitishwa, na pwani ikangoja. Barabara ya kwenda Lindi ilikatika Somanga, lakini bahari haikubeba abiria siku ile. Mvua za msimu huohuo zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini kwa mujibu wa takwimu ambazo Waziri Mkuu alizisoma bungeni mwezi Aprili, jambo linaloonyesha kwamba onyo hufanya kazi likiambatana na amri inayotekelezeka, na linapotea likiishia kuwa tangazo la redio kwa mtu anayeishi bondeni asiye na pa kwenda.

Huduma ambayo mfanyabiashara huifahamu zaidi ni ukaguzi wa kinga na tahadhari za moto, na hapa ndipo mimi na wafanyabiashara wengi tunapotofautiana. Wao huuona ukaguzi kama tozo nyingine inayotafutiwa risiti. Kwangu ndiyo kazi bora kabisa ambayo Jeshi linaweza kuifanya, kwa kuwa mlango wa dharura usiofungwa kwa kufuli huokoa watu wengi kuliko gari lolote. Tatizo lake ni kwamba matokeo hayaonekani. Mteja anayepanda ghorofa ya nne kununua vitenge hana namna ya kujua jengo lilikaguliwa lini, lilikutwa na upungufu gani, na kama upungufu huo ulirekebishwa. Cheti kilichofungiwa kwenye droo ya mwenye jengo kinamlinda mwenye jengo dhidi ya faini tu. Kikibandikwa mlangoni, kikiwa na tarehe na idadi ya watu wanaoruhusiwa ndani, kitawafanya wapangaji wenyewe kuwa wakaguzi.

Elimu kwa umma nayo inastahili sifa. Nimehudhuria mafunzo ya askari hawa mahali pa kazi, na ni walimu wazuri, wasio na majivuno. Hufundisha kuvuta pini ya mtungi wa kuzimia moto, kuelekeza mpira kwenye kitako cha moto badala ya kwenye miali, na kuuacha mlango nyuma yako ukiwa wazi ili uwe na pa kukimbilia. Elimu hiyo inahitajika zaidi sasa kuliko wakati wowote. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unakusudia kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, na maana yake ni mitungi ya gesi katika vyumba vya kupanga vyenye dirisha moja. Kila mtungi unaogawiwa kwenye hafla za viongozi ungepaswa kukabidhiwa pamoja na askari wa kuonyesha jinsi ya kufunga regileta na kunusa uvujaji. Kilichotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa kutokana na lori la mafuta lililopinduka, kilionyesha wazi ni wangapi kati yetu hatujui petroli hufanya nini inapogeuka mvuke.

Vifaa ni hadithi ndefu, na si ya kupendeza. Mwezi Januari 2020 Rais John Magufuli aliwaondoa Waziri wa Mambo ya Ndani na Kamishna Jenerali wa wakati huo kwa sababu ya makubaliano ya ununuzi wa vifaa vya zaidi ya Yuro milioni 400 yasiyofuata utaratibu. Naona hatua ile ilikuwa sahihi, lakini askari aliyekuwa akisubiri ngazi ndefu na mitungi ya hewa hakupata chochote kutokana na usahihi huo. Tangu hapo magari mapya yamekuwa yakinunuliwa, na mikoa imeyapokea kwa sherehe. Ningefurahi zaidi kama fedha kidogo ingeelekezwa kwenye mialo ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, ambako vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo (BMU) tayari vina uongozi, mitumbwi yenye injini na orodha ya wanachama. Kwa kuwapa maboya, kamba, redio ya mawasiliano, na mafunzo ya Jeshi kila mwaka yanayohusisha pia somo la mwaka 1996 kuhusu kutotoboa chombo kilichopinduka, watu ambao tayari ndio hufika kwanza wangefika wakijua la kufanya.