Kujiandaa na mtihani wa uraia wa Marekani: ununue nini, uache nini

Kabla hujatoa hata dola moja, itazame tarehe uliyowasilisha N-400, yaani fomu yako ya kuomba uraia. Waliowasilisha kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 100 ya historia na serikali, toleo la mwaka 2008. Ofisa anauliza hadi 10, na ukipata 6 umefaulu. Waliowasilisha siku hiyo au baada yake wanasoma maswali 128, wanaulizwa hadi 20, na lazima wapate 12. Mama mkwe wangu aliwasilisha Novemba. Sisi tukamnunulia kitabu cha mtumba cha maswali 100 kwa dola 12, akakikariri miezi miwili usiku baada ya kazi. Iliniuma sana kumwambia mama kwamba tunaanza upya.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni vifaa vya USCIS wenyewe, idara ya uhamiaji inayotoa mtihani huu, na ni vya bure. Kwenye tovuti yao kuna maswali na majibu ya mitihani yote miwili, sauti za kusikiliza, na orodha ya maneno ya kusoma na ya kuandika. Anza na sauti. Maswali ya historia na serikali unaulizwa kwa mdomo, nawe unajibu kwa mdomo, na wengi wetu tunalijua jibu kwenye karatasi lakini sikio halilitambui swali. Kisha chapisha ile orodha ya kuandika, ubandike jikoni. Utasomewa sentensi hadi tatu, na inatosha uandike moja ipasavyo. Mama kila siku alikuwa anaandika "Februari" kama tunavyoandika sisi, hiyo herufi ya mwisho ya Kiingereza haimkai mkononi. Kosa dogo lisiloharibu maana halimwangushi mtu, ila tuliandika sentensi moja kila asubuhi kabla ya chai mpaka mkono ukazoea. Jina la gavana, maseneta na mbunge wa eneo lako liangalie tena wiki ya usaili, maana uchaguzi hubadilisha majibu.

Namba mbili ni darasa lenye mwalimu: maktaba ya mtaa, kanisa, au shirika lililowapokea mlipofika. Mengi hayatozi kitu. Mimi ningeliweka sawa na namba moja kama kila mji ungekuwa nalo. Sababu ni kwamba Kiingereza chako cha kuzungumza kinapimwa ofisa anapopitia fomu yako ya N-400, na hapo ndipo nimeona watu wazima wakitokwa jasho. Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa "ndiyo". Ukiulizwa kama umewahi kujidai kuwa raia wa Marekani, au kama umewahi kupiga kura huku, ukaitikia ndiyo kwa heshima tu bila kuelewa, umejiingiza kwenye matatizo makubwa. Kabla ya kujiandikisha, uliza: mnafanya mazoezi ya usaili ana kwa ana, kila mtu na fomu yake mwenyewe? Wakisema hapana, tafuta kwingine.

Programu za simu na video za YouTube ni namba tatu. Zinafaa kwenye basi na mapumziko ya kazini, bora ujue zinafundisha mtihani upi. USCIS wana programu yao ya bure, anza na hiyo.

Kitabu cha kulipia ni namba nne, kwa anayejifunza vizuri kwa karatasi. Soma ukurasa wa mwaka wa toleo kwanza. Cha bei nafuu mtandaoni mara nyingi ni cha zamani.

Mwisho kabisa, na sikushauri, ni vifurushi vya mamia ya dola vinavyoahidi kwamba lazima utafaulu. Hakuna wa kukuhakikishia hilo. Ukifeli mara ya kwanza, USCIS wanakupa nafasi ya pili kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu uliyofeli tu, bila ada mpya. Hiyo pesa iweke kwa ada ya ombi: dola 710 kwa mtandao, 760 kwa karatasi.

Kwa wazee hesabu ni nyingine. Mwenye miaka 50 na grini kadi ya miaka 20, au miaka 55 na grini kadi ya miaka 15, siku anapowasilisha ombi, hafanyi mtihani wa Kiingereza, na maswali anayajibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Aliyefika 65 na grini kadi ya miaka 20 anasoma maswali 20 tu yaliyowekewa alama, anaulizwa 10, anatakiwa kupata 6. Hao usiwanunulie kitabu cha Kiingereza. Watafutie mtu wa kuwasomea kwa Kiswahili chao, kwa sababu cha Bukavu na cha Dar si kimoja. Mzee aliyezoea kusikia "Mahakama ya Juu" asije akakutana na mkalimani anayeiita jina jingine siku yenyewe. Wakutane mapema, wayapitie maneno pamoja.