Ushauri nasaha chuoni kwetu: mlango mbovu, chumba kizuri

Nilikwenda kwa sababu ya usingizi tu. Ndivyo nilivyomwambia dada wa mapokezi, kisha nikarudia, ingawa wala hakuwa ameniuliza. Nilikuwa mwaka wa tatu, wiki ya tano ya semista. Usingizi ulikuwa unanijia saa kumi alfajiri, na saa mbili asubuhi niko kwenye mhadhara, macho wazi, siambulii kitu.

Nimemaliza vikao vyote sita, kwa hiyo nina la kusema.

Nianze na mlango, maana ndio unaowarudisha watu. Ofisi iko ukumbi mmoja na dirisha la malipo ya ada, na benchi la kusubiria limeelekezwa kwenye foleni ya dirisha hilo. Ukikaa pale, nusu ya darasa lako inakuona, na juu ya kichwa chako kuna kibao chenye herufi za kusomeka kutoka getini. Siku ya kwanza nilipita kama natafuta choo. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikaingia, nikapewa fomu: jina, namba ya usajili, kitivo, halafu "eleza tatizo lako", na nafasi iliyoachwa haizidi nusu mstari. Aliyeketi kando yangu alikuwa anaisoma pamoja nami. Nikaandika "usingizi".

Miadi ikaja baada ya siku kumi na tisa. Washauri ni wawili kwa chuo kizima, na wanafanya kazi saa zilezile za mihadhara, kwa hiyo kumwona mmoja wao lazima utoroke kipindi. Sijui nani alipanga hivyo. Semina yao ya kudhibiti msongo nilihudhuria mara moja, tuliambiwa tupumue. Tulipumua.

Chumbani sasa. Mshauri wangu ni mama wa makamo, sauti ya chini, hana haraka. Kabla sijafungua mdomo alinieleza mpaka wa siri: ninayoyasema yanabaki pale, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini. Kisha akanipa dodoso la kupima dalili za sonona linaloitwa PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Nilipata 13. Akasema hiyo haimaanishi nina sonona, ni kipimo cha kujua tuanzie wapi. Swali la tisa linauliza kama katika wiki hizo mbili umeona heri ufe, au umewaza kujidhuru. Nilijibu sifuri kwa haraka. Yeye hakuliacha lipite. Aliniuliza tena kwa mdomo, bila kupaka maneno rangi, akasubiri nimtazame ndipo nijibu. Kwa hilo pekee nampa nyota zote.

Kuhusu usingizi alikuwa fundi hasa. Nilidhani ataniambia nilale mapema. Kumbe alinikataza kwenda kitandani kabla usingizi haujanishika. Nikilala na dakika kama ishirini zikapita bure, niinuke, nikae mahali pengine hadi kope ziwe nzito. Asubuhi niamke saa ileile, hata kama nimelala kidogo, hata Jumapili. Na kitanda kiwe cha kulala tu. Hapo nilicheka. Tuko wanne chumba kimoja hosteli. Kitanda ndiyo meza yangu, ndiyo kochi, ndiyo ofisi. Hakubishana. Aliuliza kama sakafu ipo. Tangu siku hiyo nasoma nimekaa chini, mgongo kwenye ubavu wa kitanda, na wenzangu wameshachoka kunitania.

Kahawa nayo aliipigia hesabu mbele yangu: kafeini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa tano hivi, wengine zaidi, wengine chini ya hapo. Kikombe changu cha saa tatu usiku, hadi saa nane usiku nusu yake bado kimo ndani kinafanya kazi. Na mimi nilikuwa nakunywa viwili.

Niseme ukweli, wiki mbili za kwanza nilikuwa hoi kuliko mwanzo, na nilirudi kikao cha tatu nikiwa nimenuna. Akasema alitarajia. Angenionya mapema ningemshukuru zaidi. Wiki ya tatu ndipo nilianza kulala kabla ya saa saba.

Kikao cha nne ndicho kilichonishinda. Akaangalia daftari langu la usingizi, akaniuliza kwa nini Jumapili usiku huwa mbaya kuliko siku zote. Nikasema sijui. Akanyamaza. Jumapili jioni ndiyo siku mama anayopiga simu, na kila akiuliza masomo yanaendaje mimi namuuliza habari za wadogo zangu. Nilikuwa nimefeli somo moja semista iliyopita, na nyumbani hakuna aliyejua. Miezi minne. Mshauri hakunipa hotuba. Aliuliza tu, "Ungeanza na nani?" Tukatumia nusu saa nzima kutunga sentensi mbili za kumwambia dada yangu.

Ndiyo maana naona sita ni vichache. Tumefika kwenye jambo lenyewe kikao cha nne, vikabaki viwili, kisha unapewa barua ya rufaa kwenda kuanza upya na mtu usiyemjua. Barua yangu bado iko kwenye begi. Kikao cha mwisho dodoso lilisoma 6, na mama anajua kuhusu lile somo, ingawa hakulipokea kwa upole kama dada.

Nyota nne. Moja nimeizuia mpaka watakapoligeuza lile benchi litazame ukuta.

Ukienda, nenda asubuhi katikati ya semista, usingoje wiki ya mitihani, foleni haifai. Na ile nusu mstari isikusumbue. Andika "usingizi"; wameshaizoea.