Darasa la Kijerumani la jioni, Kirumba, Mwanza: mwezi wa vyombo vya habari

Mimi ni muuguzi, nilijiunga nikitafuta cheti cha B1, yaani Kijerumani cha kiwango cha kati, ili niombe kazi Ujerumani. Ada ni shilingi 70,000 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki. Mwezi huu tulisoma vyombo vya habari, na pesa yangu naiona imerudi yote.

Mwalimu alianza na Tagesschau, taarifa ya habari ya ARD, shirika la utangazaji la umma la Ujerumani, iliyoanza mwaka 1952, dakika 15, saa mbili usiku kwa saa za kule. Niliposikia hiyo saa mbili nikamkumbuka babu yangu kule Ukerewe. Ikikaribia, watoto tunanyamazishwa, redio inasogezwa karibu na chemli, anayekohoa anatoka nje. Nikamsimulia mwalimu. Akasema hata kwa Wajerumani, hasa wazee, kumpigia mtu simu muda huo ilikuwa utovu wa adabu.

Kipindi kilichonikaa zaidi ni cha Rundfunkbeitrag, ada ya utangazaji ya Ujerumani: kila kaya inalipa yuro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Darasa liliwaka. Fundi mmoja wa Igoma akasema hiyo ni kodi ya kichwa. Mwalimu hakumbishia, aliturudisha mwaka 1933, serikali ya Hitler ilipoanza kusambaza redio za bei nafuu ili sauti yake iingie kila sebule. Baada ya vita wakaona redio isiwe tena ya serikali, wala isitegemee matangazo ya biashara peke yake. Basi wagharimie wasikilizaji wenyewe. Tulibishana kwa Kijerumani, kila mmoja na alichonacho, mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Kasoro zipo. Tuko 26 na spika moja ndogo, ukikaa nyuma mtangazaji anamezwa na honi za daladala. Fotokopi za magazeti zimefifia. Umeme ukikatika, kipindi kimeisha. Na Uswisi, ambako nako Kijerumani kinazungumzwa, ilipewa nusu saa tu, ilhali mwaka 2018 Waswisi walipiga kura nchi nzima kama waifute ada yao ya utangazaji, wakakataa kuifuta. Hilo lilistahili jioni nzima.

Ukija, wahi safu ya mbele na uwe na bando. Majira yao ya baridi, saa mbili ya Berlin ni saa nne ya Mwanza; ya joto, ni saa tatu. Nikitoka zamu naitazama Tagesschau kwenye simu, na juzi nimeelewa utabiri wa hali ya hewa wote bila kurudia.