Dubu wa manyoya wa sentimita 25: anafaa kutolewa msaada?

Kwa mtoto aliyenusurika moto au ajali, huyu anafaa sana. Kimo chake kinamwezesha mtoto kumkumbatia kwa mkono mmoja, na macho yametariziwa kwa uzi. Macho ya vifungo hung'oka na kumkwama mtoto mdogo kooni. Kabla ya kununua, vuta mishono ya shingo na masikio: ikiachia, pamba yote itatoka. Kasoro yake ni utepe wa shingoni, ukate. Lebo ya dukani iache, maana hospitali nyingi hupokea wapya tu kwa kuhofia maambukizi. Waliotumika wafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 na wakauke hadi ndani, la sivyo huota ukungu. Peleka wa rangi mbalimbali, mtoto achague mwenyewe.