Tata ya Kiswahili na tata ya Kinyakyusa

Ukiwa Dar es Salaam ukasikia "tata", unafikiria uzi uliofungamana au suala gumu. Ukoo wake ni mkubwa: utata, matata, tatiza, tatanisha, na tatua, ambalo ndilo kufungua kilichofungamana.

Panda hadi Tukuyu, wilayani Rungwe, kwa Wanyakyusa. Huko tata ni baba, na wengi huivuta irabu ya kwanza: "taata". Kijana akimpisha mzee njiani humwita hivyo hata kama si baba yake mzazi; ni heshima tupu. Hili halikutokana na uzi wala fundo. Ni sauti nyepesi ya kinywa cha mtoto mchanga, ndiyo maana wasemaji wa Kilingala, Wabantu wenzao, nao husema tata, na Wapolandi vilevile, ingawa lugha yao haina udugu na Kinyakyusa.

Kwangu, tata ya Kinyakyusa ndiyo tamu zaidi. Mwalimu mgeni Rungwe aijue mapema, asije akadhani mtoto anayemtaja tata analalamikia shida nyumbani.