Deraya ya Kubuni ya Mwanamke: Sponji ya EVA au Bomba la PVC?
Kwa mwanamke wa Mtwara anayejitengenezea deraya, yaani vazi gumu la kivita, ya hadithi za kisayansi, napendelea sponji ngumu ya EVA, ile ya mikeka ya mazoezi, kuliko bomba la PVC lililopasuliwa na kulainishwa kwa joto. Ukikata na kuondoa kwenye sponji kipande chembamba chenye umbo la jani chini ya titi, ukapaka gundi ya viatu kingo zote mbili za pengo hilo na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kuzibana, bamba la kifua hujikunja lenyewe kufuata mwili. PVC ni imara zaidi mabegani, lakini ikiungua hutoa gesi yenye sumu. Malighafi zote mbili hazipitishi hewa, jambo zito katika joto letu la pwani. Kwa hiyo ubavuni acha nafasi, uiunge kwa mikanda ya lastiki.