AFR au PRIDE: njia mbili za uzamivu wa sayansi ya uhai nchini Luxembourg

Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Luxembourg, FNR, ulioanzishwa mwaka 1999, humfikia mwanafunzi wa uzamivu kwa njia kuu mbili, yaani programu za ufadhili za AFR na PRIDE, na tofauti yake ni kubwa kuliko majina yanavyoonyesha.

Kwa AFR, mwombaji mwenyewe, wa uraia wowote, hutafuta msimamizi, kwa mfano katika kituo cha LCSB cha Chuo Kikuu cha Luxembourg kinachochunguza ugonjwa wa Parkinson, kisha huandaa naye andiko la mradi linaloshindanishwa na mengine. Swali la utafiti huwa lake tangu mwanzo, na hilo, kwa maoni yangu, ni malezi bora ya mwanasayansi. Lakini andiko likikataliwa, miezi ya maandalizi hupotea.

Kwa PRIDE, fedha hupewa kwanza kundi la watafiti waliokwisha kukubaliana mada pana, kama CANBIO kwa baiolojia ya saratani au NEXTIMMUNE kwa kinga ya mwili, nao ndio hutangaza nafasi. Mwombaji hushindania kazi, hupata wenzake na mafunzo ya pamoja, ila mipaka ya mada huikuta imeshachorwa.

Katika njia zote mbili mwanafunzi huajiriwa kwa mkataba.

Anayetuma maombi kutoka Dodoma au Eldoret, asiyefahamiana na msimamizi yeyote huko, ningemshauri aanze na PRIDE. Mwenye swali lililokomaa na msimamizi aliyekwisha kumjibu asiiache AFR.